Lori jipya, oili inapungua: nani aulizwe?

Kila mwenye malori anaijua simu hii. Dereva yuko Makambako au Chimala, lori halijafikisha hata miezi mitatu tangu litoke bandarini, viti bado vina nailoni za kiwandani, naye anasema: "Tajiri, gari linaomba oili." Tajiri ananyamaza kidogo, kisha maswali yanafuatana. Gari jipya linakulaje oili? Linavuja wapi? Umelikimbiza? Na lile swali ambalo mara nyingi halitamkwi, ila dereva analisikia vizuri kabisa: umeiuza?

Suala hili linaharibu mambo mawili kwa mpigo. Linaharibu injini ya mamilioni ya shilingi, kwa sababu tajiri aliyeingiwa na hofu huamuru mambo ambayo injini mpya haiyataki. Linaharibu pia kuaminiana kwa watu wawili ambao riziki yao iko kwenye lori moja. Wapo madereva wazuri walioachishwa kazi kwa ajili ya lita mbili za oili ambazo hazikuibwa na mtu yeyote. Zilichomwa ndani ya silinda zikatoka na moshi.

Injini mpya ya dizeli inakula oili katika safari zake za mwanzo. Hilo ni jambo la kawaida, na watengenezaji wenyewe wanaliandika kwenye vitabu vyao. La kuulizwa ni kiasi gani, kwa muda gani, na kama kiasi hicho kinashuka kadiri kilomita zinavyopanda.

Anayetaka kuelewa kwa macho yake aende Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea, aombe kuonyeshwa laina mpya ya silinda kabla haijavalishwa kwenye bloku. Itatolewa kwenye boksi ikiwa imeviringishwa karatasi yenye mafuta. Iinue uielekeze kwenye mwanga, uchungulie ndani. Ukuta wake umejaa mistari myembamba inayokatizana kwa mshazari, kama mkeka wa ukili uliosukwa kwa chane nyembamba mno. Pitisha ukucha taratibu, utahisi ukikwama kidogo. Mistari ile imechongwa makusudi kwa mawe ya kunolea yanayozungushwa na mashine. Kazi yake ni kushika oili, ili ringi za pistoni zisipite juu ya chuma kikavu.

Sasa chukua ringi. Pistoni ya lori la siku hizi kwa kawaida huvaa tatu. Ya juu inazuia presha ya moto isishuke, ya pili inasaidia kuzuia na kukwangua, ya tatu kazi yake ni kukusanya oili iliyobaki ukutani na kuirudisha kwenye sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini. Zikiwa mpya, ringi hizo na laina hiyo hazijafahamiana. Kwa macho zinaonekana zimegusana kote, lakini ukiweza kuzitazama kwa hadubini utakuta vilima vidogo vidogo kila upande, na zinagusana kwenye vilele tu. Katikati ya vilele kuna njia. Oili inapenya kwenda juu, inakutana na moto, inaungua. Gesi ya moto nayo inapenya kwenda chini, inaingia kwenye sampu na kutokea kwenye bomba la kupumulia. Injini inapofanya kazi, vilele vinakatana na kusagana mpaka ringi na ukuta vinachukua umbo moja. Mabonde ya ile mistari yanabaki, yameshika oili yake, vilele vimeondoka. Hapo mafundi husema ringi zimekaa.

Kwa injini inayozunguka mara 1,400 kwa dakika, pistoni moja hupanda na kushuka mara 84,000 kwa saa. Kila inaposhuka huacha nyuma yake utando wa oili mwembamba kuliko kitu chochote tunachoweza kukiona. Utando huo ukizidi kidogo tu, kwa pistoni sita na kwa safari ya siku mbili, hesabu yake inafika lita. Hakuna tundu linalohitajika ili oili ipungue.

Ringi hii ya chuma ina umri mrefu kuliko injini ya dizeli yenyewe. Zama za injini za mvuke, pistoni ilizungushiwa kamba ya katani iliyoloweshwa mafuta ya wanyama ili mvuke usipenye, na kamba hiyo ilichakaa na kubadilishwa kila mara. Katika miaka ya 1850 mhandisi wa reli wa Uingereza, John Ramsbottom, akaja na ringi ya chuma iliyokatwa sehemu moja, inayotanuka kwa nguvu yake yenyewe na kuukandamiza ukuta wa silinda. Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake huko Augsburg mwaka 1897, ringi za namna hiyo zilikuwa tayari zinajulikana. Fundi anayepima mdomo wa ringi kwa filagezi Gerezani leo, kisha akaizungushia pistoni huku akihakikisha midomo ya zote tatu haijapangana kwenye mstari mmoja, anafanya kazi juu ya wazo hilo hilo la Ramsbottom.

Ila kuna jambo moja kuhusu ringi ambalo watu wengi hawaambiwi, na kwa maoni yangu ndilo lingeokoa injini nyingi kama lingefahamika. Mkandamizo wa ringi yenyewe, ile nguvu ya kutanuka, ni mdogo. Kinachoisukuma ringi ya juu ikaushike ukuta barabara ni presha ya moto. Dizeli ikiwaka, gesi inaingia kwenye mfereji wa pistoni, inapita nyuma ya ringi na kuisukuma kwenda nje. Kwenye injini za kisasa, presha hiyo inapita bar 150 lori likiwa limebeba na linapanda. Injini ikiwa inaunguruma pale pale uwanjani bila mzigo, presha ni ndogo mno kulinganisha na hiyo. Kwa hiyo ringi inakaa vizuri kwa kazi. Ikikosa kazi, inateleza juu ya ukuta bila kuukata, na vile vilele vinabaki palepale.

Hapo ndipo desturi yetu moja inapotuponza. Injini ikitoka ovahoo, au lori likitoka kwa wakala, linawashwa na kuachwa kwenye sailensa kutwa nzima "lijizoeshe". Likitoka barabarani, dereva anaagizwa asikanyage mafuta, asibebe zaidi ya nusu ya mzigo, atembee mwendo mmoja mpaka mwezi uishe. Nia ni njema kabisa, na matokeo ni mabaya. Oili inayobaki ukutani haikwanguliwi. Inapata joto la kutosha kuiunguza nusunusu tu, inageuka utando mgumu wa rangi ya kahawia unaong'aa, na utando huo unajaza ile mistari ya mkeka. Laina iliyofikia hali hiyo inateleza kama sabuni. Haishiki oili inavyopaswa, na ringi haina tena kitu cha kusagana nacho. Tangu hapo injini itakula oili mwezi wa kwanza, wa sita na wa kumi na mbili, wala ulaji huo hautapungua, na tiba yake ya uhakika ni kuifungua.

Mafundi wa jenereta wanaufahamu ugonjwa huu kuliko watu wa malori. Jenereta kubwa iliyofungwa hotelini au hospitalini, ikawa inawasha taa chache tu usiku kucha, baada ya muda huanza kutiririsha uoevu mweusi kwenye maungio ya bomba la moshi, mchanganyiko wa oili na dizeli isiyoungua. Ndiyo maana mafundi hao wanashauri isiendeshwe kwa muda mrefu chini ya karibu asilimia 30 ya uwezo wake. Injini ya lori ni dizeli ile ile.

Wazee waliotufundisha kuilea injini mpya kama mtoto mchanga hawakuwa wajinga. Walijifunza kwenye injini za zamani zao, ambazo zilichongwa kwa mashine zisizo na usahihi wa leo. Beringi zilibana, pistoni zilibana, na ukikimbiza mapema chuma kilishikana na chuma. Huko Uingereza, miaka ya 1950, mwenye gari jipya alibandika karatasi kwenye kioo cha nyuma kuwaomba wenye haraka wapite, kwa kuwa yeye bado anaizoesha injini. Ushauri ule uliletwa kwetu pamoja na malori ya Bedford na Leyland, ukabaki hata baada ya malori hayo kuondoka. Laina za leo zinapigwa mawe kwa hatua mbili: kwanza mistari inachongwa, kisha vilele vyake vinakatwa kabla laina haijatoka kiwandani. Kazi iliyobaki kwa dereva imekuwa ndogo kuliko zamani. Inayobaki inahitaji mzigo.

Na hapa kwetu lipo tatizo ambalo vitabu vya watengenezaji wa Ulaya na China sidhani kama viliwahi kulifikiria. Malori mengi yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam si ya Tanzania. Yanakwenda Zambia na Congo kupitia Tunduma, Malawi kupitia Kasumulu, Rwanda kupitia Rusumo, Burundi kupitia Kabanga. Yanapelekwa na madereva wa IT, yaani magari yanayopita tu kwenda nchi jirani, vijana wanaolipwa kwa kulifikisha gari mpakani, nao wana kila sababu ya kukimbia. Mara nyingi kinachoendeshwa ni kichwa kitupu, hakina tela nyuma. Utaviona vimeongozana baada ya Chalinze, vingine vimebebana, kichwa kimoja kimewabeba wenzake mgongoni. Kile kilichobeba kinafanya kazi ya maana. Vinavyofuata vitupu vinamaliza kilomita zaidi ya 900 za kwanza za maisha yao kwa mwendo ule ule, kwenye gia ya juu, injini ikivuta uzito wake tu, na mikononi mwa watu ambao wakishakabidhi funguo hawataviona tena. Mwenye lori akilipokea huko Lubumbashi au Lilongwe, mita inasomeka kama ya gari jipya. Hakuna aliyemwambia kilomita hizo zilitumikaje.

Mtu wa namna hiyo simshauri akimbilie kumwaga oili wala kuanza kugombana na wakala. Alipe lori kazi. Barabara yetu ya kwenda kusini imejaliwa darasa la kutosha kwa shughuli hiyo. Ukishapita Mikumi na kununua kitunguu Ruaha Mbuyuni, unaanza kupanda Kitonga. Lori lenye mzigo halali linapanda pale kwa dakika kadhaa injini ikiwa imebeba karibu uwezo wake wote, halafu linafika juu, linapumua kuelekea Ilula, linapanda tena, linashuka tena. Kubadilikabadilika huko kwa mzigo na mizunguko ndiko ringi zinakotaka. Presha inapanda, ringi inashika ukuta na kukata. Mzigo unashuka, oili inapita na kusafisha vumbi la chuma lililokatwa, joto linatawanyika. Kisha mara nyingine. Safari mbili tatu za namna hiyo, zikiendeshwa na mtu anayejua anachofanya, zinaizidi miezi ya kubembeleza.

Nasema mzigo halali kwa makusudi. Asije mtu akasoma makala hii akapakia kupita kiasi kwa kisingizio cha kukalisha ringi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa juu wa tani 56 kwa lori na tela lake, na mizani ya Vigwaza na Mikese haitasikiliza hoja ya ringi. Zaidi ya hapo, kuna kosa la udereva ambalo ni baya kwa injini mpya kuliko hata sailensa: kung'ang'ania gia kubwa mlimani, mguu umekanyaga mafuta mpaka chini, huku mizunguko imeshuka na injini inagonga na kutetemeka. Presha inakuwa kubwa huku oili inasukumwa polepole, na joto linapanda. Dereva ashushe gia mapema, aiache injini izunguke, jicho likae kwenye geji ya joto. Akifika juu asizime hapo hapo kwa ajili ya picha au chai. Turbo bado ina joto kali na inahitaji oili ipite kwa dakika chache kabla ya kuzima.

Tuje kwenye kupima, maana nusu ya kesi za "inakula oili" zinaishia kwenye dipstiki iliyosomwa vibaya. Lori limeegeshwa kwenye mteremko wa bega la barabara, dereva amezima sasa hivi, anachomoa, anaona iko chini ya alama, anaongeza lita tatu. Kumbe lita hizo zilikuwa bado juu kwenye hedi, hazijateremka. Asubuhi oili imevuka alama ya juu. Krenki inaipiga, inatoa povu, inasukumwa nje kupitia bomba la kupumulia, na ndani ya siku moja imeshuka tena. Anaongeza tena. Hapo ameshajitengenezea mwenyewe ugonjwa ambao injini haina. Kipimo cha kweli kinafanywa asubuhi kabla ya kuwasha, lori likiwa mahali tambarare. Chomoa, futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, chomeka mpaka mwisho, chomoa tena, usome. Ikiwa kati ya alama mbili, iache. Injini nyingi hushuka haraka kutoka alama ya juu, zikafika katikati na kukaa hapo kwa maelfu ya kilomita, na anayeijaza kila siku mpaka juu atalalamika mpaka siku atakayoliuza gari.

Kuna pia udanganyifu wa upande wa pili, nao unawatia hasara waaminifu. Lori likitembea bila mzigo, au likiwashwa na kuzimwa bila kupata moto, dizeli ambayo haikuungua inapenya kwenye ringi na kushukia kwenye sampu. Oili inapungua, dizeli inaongezeka, dipstiki inasoma vilevile. Tajiri anafurahi kwamba gari lake halili kitu. Siku linapobeba mzigo wa kwanza mzito, sampu inapata joto, dizeli ile inafuka, na kwa safari moja kipimo kinaporomoka. Dereva wa siku hiyo ndiye anayeulizwa, kwa oili iliyopungua polepole wakati wa mwenzake. Nusa dipstiki. Ikinuka dizeli, umepata jibu.

Njia nyingine za kupotelea oili nazitaja kwa haraka, kwa kuwa fundi yeyote mzuri atazikagua: sili za krenki, gasketi ya kava, turbo, sili za valvu. Moja tu inastahili kuelezwa. Kompresa ya upepo wa breki inalainishwa kwa oili ya injini, nayo ina ringi zake. Zisipokaa, oili inasukumwa pamoja na upepo kwenda kwenye tenki. Utingo akivuta ile valvu ya chini ya tenki asubuhi, yatoke maji machache. Ikitoka oili nyeusi ya kutosha kuchafua kiganja, usiendelee kuishtaki pistoni. Hatari yenyewe si lita zinazopotea. Oili hiyo inaelekea kwenye valvu na mpira wa breki.

Moshi nao unasema. Mweusi ni dizeli iliyozidi au hewa iliyopungua. Mweupe asubuhi ya baridi ni dizeli isiyowaka, na injini ikipata joto unapotea. Wa bluu ndiyo oili. Lori jipya likifuka bluu kidogo linapoondoka baada ya kusimama muda mrefu kwenye foleni ya Tunduma, hilo linaweza kuwa la mpito. Likifuka bluu likiwa katikati ya mlima, limebeba, baada ya kilomita elfu nyingi, hapo kuna la kuzungumza.

Kiasi gani basi? Watengenezaji wengi huhesabu oili kama sehemu ya dizeli iliyotumika, kwa sababu dizeli ndiyo inayoonyesha injini imefanya kazi kiasi gani. Tuchukue lori linalotumia lita 800 kwenda Tunduma na kurudi Dar es Salaam. Asilimia 0.1 ya hiyo ni lita 0.8. Asilimia 0.5 ni lita 4. Injini mpya inayoanzia karibu na kiasi cha juu na kushuka safari hadi safari inaendelea vizuri. Ile inayoanza na lita mbili na nusu, ikabaki mbili na nusu safari ya nane, au ikapanda kufika tatu, inataka kuangaliwa ingawa tarakimu yake inaonekana ndogo. Ukomo halisi uko kwenye kitabu cha injini husika, na huo ndio wakala atakaousimamia. Mwelekeo wa tarakimu, hata hivyo, hakuna kitabu kitakachokuandikia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeona ofisi za usafirishaji zenye kompyuta ya kufuatilia kila lori lilipo kwa setelaiti, zinajua dereva alisimama Igawa kwa muda gani, lakini hakuna mtu anayeweza kukuambia lori fulani liliongezewa oili mara ngapi tangu Januari. Kinachohitajika ni daftari la shule lililofungwa kwa uzi kwenye kabini. Kila mstari uwe na tarehe, kilomita, mahali, lita zilizoongezwa, jina la oili, na mzigo uliokuwapo. Lita zipimwe kwa kopo lenye alama. Sampu ya lori kubwa inachukua kama lita 30 hadi 40, na nafasi kati ya alama mbili za dipstiki inaweza kuwa na lita kadhaa, hivyo "niliongeza kidogo" si kipimo. Makopo matupu yarudi ofisini. Dereva mwaminifu ataipenda kazi hii kuliko tajiri, kwa sababu yeye ndiye anayelala na tuhuma.

Usafi wa hewa nao uingie kwenye daftari hilo. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia ikahitaji njia nyingine ya kupata mafuta, malori yalipita barabara hii ya kusini ikiwa bado ya vumbi na tope, yakibeba mapipa kutoka Dar es Salaam, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Yaliyokuwa yanaingia kwenye injini zile wakati wa kiangazi tunaweza kuyafikiria. Leo lami ipo, lakini lori linalobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, au linalopita njia ya mchepuko kwenye ujenzi, linavuta vumbi la namna ile ile. Mpira wa hewa uliolegea klipu moja baada ya ea klina unaingiza mchanga laini moja kwa moja kwenye laina ambayo ringi zake bado hazijakaa. Vumbi hilo linasaga kila kitu, mistari inafutika, na injini inazeeka kabla ya kukomaa. Kukaza klipu ni kazi ya bisibisi na dakika moja.

Dawa za mkato zinazouzwa kwenye makopo madogo ya rangi kali, zinazodai kuzima moshi, nazipinga kabisa kwa injini mpya. Nyingi zinaifanya oili kuwa nzito tu. Kumimina oili nzito kuliko ile ya kitabu ni jambo lile lile kwa bei nafuu zaidi. Itapunguza kinachopenya kwa muda, halafu asubuhi ya Juni pale Makambako, oili hiyo itachelewa kufika kwenye beringi na turbo, na hasara ya sekunde zile hakuna anayeiona mpaka imekuwa kubwa. Kitabu kikisema 15W-40 ya daraja la CI-4, iwe hiyo, kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa sababu oili bandia kwenye kopo la jina kubwa ni janga lingine. Na filta ya kwanza ikitolewa, fundi aipasue, akunjue karatasi yake juani. Unga laini unaong'aa ni vile vilele vilivyosagwa. Vipande vinavyoweza kushikwa kwa kucha ni jambo la kuripoti siku hiyo hiyo.

Lori likifikisha kilomita ambazo kitabu kinazitaja kuwa mwisho wa kuzoea, na daftari linaonyesha ulaji wa oili haujaanza kupungua, tajiri asisubiri waranti iishe. Apeleke lori na daftari kwa wakala aombe kipimo rasmi cha ulaji wa oili. Wakala atamwaga, atabadilisha filta, atajaza kwa kipimo, kisha atafunga lakiri kwenye mfuniko wa kujazia, kwenye dipstiki na kwenye nati ya kumwagia, ili mtu yeyote asiongeze wala kupunguza bila kujulikana. Lori litakwenda safari yake ya kawaida likiwa na mzigo, litarudi, lakiri zitakaguliwa, oili itapimwa, na dizeli iliyotumika itaandikwa pembeni yake. Ikizidi ukomo, injini inafunguliwa kwa gharama ya waliouza: laina zinapigwa mawe upya au kubadilishwa, na ringi mpya zinafungwa. Isipozidi, wakala anatoa karatasi yenye muhuri inayosema hivyo. Nakala moja ibaki ofisini, na nyingine apewe dereva.